Kila Mtoto na Vidonge Vyake

Nimetolewa nje ya darasa. Si mara ya kwanza, na ninyi wenzangu mtakaosoma haya mnajua kwamba ukuta wa nyuma ya maabara umeuzoea mgongo wangu kuliko kitanda cha bwenini. Lakini kwa kawaida mzaha mie huupika kwanza, nikauonja chumvi, ndipo nikaupakua. Huu wa leo ulinitoka kama chafya.

Mwalimu alikuwa akichora damu ubaoni, chaki nyekundu kwa chembe nyekundu, chaki nyeupe kwa chembe nyeupe. Akafika kwenye maradhi. Akasema yako maradhi ambayo chembe nyeupe huzaana bila kipimo, zikajaa hata ndani ya uboho wa mifupa, nyekundu zikakosa pa kukaa. Mgonjwa huchoka bila kazi, huvilia damu bila kupigwa, huwa mweupe wa viganja. Hiyo, akasema, ndiyo saratani ya damu. Na huku akisema akawa anagonga chaki nyeupe juu ya ubao, ta, ta, ta, mpaka zile nyekundu zikafunikwa zote.

Nikasikia sauti inasema, "Mwalimu, hayo si maradhi. Hiyo ni serikali."

Sauti ilikuwa yangu.

Darasa likavunjika kwa kicheko. Mwalimu hakucheka. Alitazama dirishani kwanza, kisha mlangoni, ndipo akanitazama mimi. "Unataka wanangu wale wapi?" akaniuliza, polepole, kama mtu anayeongea na mbwa asiyemjua. "Toka. Na kengele ya jioni isilie kabla hujarudi kuniomba radhi mbele ya wenzako."

Basi niko nje. Wenzangu wanadhani nacheka huku peke yangu. Sicheki. Nimejaa hasira, maana miaka yote hii sikuwa nikijua yale maradhi yanaitwaje. Nyumbani kwetu yalikuwa na jina moja tu, Mishi.

Mishi alikuwa dada yangu, mkubwa kwangu kiasi cha kunipiga, si kiasi cha kuniogopesha. Ulimi huu mnaonisifia na kunichapia, yeye ndiye aliyeunoa. Hapakuwa na mtu kijijini kwetu Kinondo asiyekuwa na jina alilopewa na Mishi, na jina likishapachikwa halitoki hata kwa sabuni. Mimi aliniita Kuku wa Mgeni, kwa kuwa, alisema, napiga kelele nyingi na mwisho wangu unajulikana. Lakini mtoto huyo huyo akifungua msahafu, watu waliokuwa wakipita njiani walipunguza mwendo. Alikuwa karibu kuhitimu Kurani chuoni. Bibi alikuwa ameshamnunulia kitambaa cha maua cha kuvaa siku ya hitima yake, akakiweka kashani, na kila Ijumaa akawa anakitoa kukipunga upepo ili sote tukione na tuone kijicho.

Madoa yalianzia miguuni. Meusi, mengine ya rangi ya zambarau, mengine yakigeuka manjano kingo zake. Mshukiwa wa kwanza nilikuwa mimi, maana nilikuwa mfinyaji mwenye sifa hadi Mwabungo. Nikaapishwa. Nikaapa. Wakanipiga kidogo hata hivyo, kwa tahadhari. Yalipotokea mengine mgongoni, mama akajifunga leso akaenda kwa mwalimu wa chuo.

"Mwalimu, shikamoo. Fimbo ni ya kufunzia, si ya kuulia."

Mzee wa watu akalia. Akaapa hajamgusa Mishi tangu mwaka ulipoingia, akaichukua ile fimbo akaivunja mbele ya mama. Kwa hiyo chuo kizima kikapumzika fimbo kwa sababu ya madoa ya Mishi, na sisi watoto, astaghafirullah, tukawa tunaomba yasipotee upesi.

Aliyeyatambua alikuwa mama mdogo Riziki. Alikuwa yaya Diani, katika nyumba ya Mzungu mmoja iliyoutazama ufuo, akimlea mtoto anayeitwa Pita, rika langu. Jumapili yake ya mapumziko akaja, Mishi akamnyoshea miguu kama mtu anayeonyesha hina, na mama mdogo akaketi chini bila kutazama kama kuna mkeka.

"Pita ana haya haya," akasema. "Na damu ya fizi, na joto jioni. Haya haya, dada."

"Na wamemfanya nini?" mama akauliza.

"Walimchukua kwa ndege."

Ndege yenyewe nilikuwa nimeiona. Ilitua uwandani nyuma ya Ukunda, ndogo, inang'aa, ikaondoka na mtoto amevikwa blanketi. Basi kichwani mwangu jambo likakaa wazi kabisa: dawa ya maradhi haya ni ndege. Huko juu hewa ni baridi, damu hutulia, mtu akashuka mzima. Nilishangaa watu wazima wanavyopoteza wakati kwa mizizi na makombe ya aya za kunywa ilhali jibu lilipita juu ya paa letu likilia.

Tukaenda hospitali ya serikali ya upande wetu. Hospitali ya Waafrika, ndivyo ilivyoitwa, ili tusikosee. Kitanda kimoja wagonjwa wawili, na wa tatu mvunguni, huyo akijiona ana bahati kwa kuwa hapigwi na jua. Mjomba Mwinyi, kaka wa mama, alikuja nasi, na baba pia alikuja, na hao wawili kuwekwa chumba kimoja ilikuwa ni sawa na kuweka kiberiti katika mfuko wa makuti. Dresa, msaidizi wa daktari, akamtazama Mishi kucha, akamtazama ndani ya kope, akasema neno alilolifunzwa: "Damu ya mtoto imeharibika."

Maskini dresa. Alikuwa mtu wa bara, hakujua amekanyaga wapi. Kwetu sisi Wadigo wa zamani, mtoto ni wa fuko la mamake, ndio ukoo wake. Baba humpa jina, damu hupewa na upande wa mama, na mwenye kuisemea damu hiyo ni mjomba.

"Damu gani imeharibika?" mjomba akauliza.

"Ya mtoto, mzee."

"Mtoto hana damu yake! Hiyo ni yangu mimi, na ya mamangu, na ya mamake mamangu. Fuko zima hili halijatoa hata mwenye upele, weye waja kutwambia tumeoza?"

Baba, badala ya kunyamaza, akasema kwa upole uliojaa pilipili, "Mie, shemeji, nilisema tangu zamani. Kwa sheria ya Mungu mtoto ni wa baba. Mkasema la, ni damu yetu. Haya. Ndiyo hiyo."

Mambo yakachafuka. Mjomba akataka Mishi arudishwe nyumbani akaangaliwe na waganga wa fuko. Baba akataka abaki. Waligombana hospitalini, wakagombana barazani, wakapelekana kwa kadhi wakarudi bado wanagombana, na Mishi amelala katikati yao kama mnazi unaogombewa na huku unaanguka. Yeye mwenyewe aliwaita Jogoo wa Mashariki na Jogoo wa Magharibi. "Wakimaliza kuwika," aliniambia, "niamshe."

Aliyewanyamazisha ni mama. Siku Mishi alipotokwa na damu puani ikakataa kukoma, mama alichukua ile leso iliyolowa akaiweka mapajani mwa mjomba. "Hii hapa damu yako. Ishike." Kisha akamgeukia baba. "Na weye, njoo umshikie."

Daktari Mzungu wa hospitali yetu alisema mtoto aongezwe damu. Mjomba akakusanya fuko. Walikuja kutoka Munje, kutoka Galu, kutoka sijui wapi, wanaume na wanawake waliovaa kama wanaokwenda harusini, wakapanga mstari nje ya hospitali, kila mmoja amekunja mkono wa nguo tayari kuonyesha dunia kwamba damu ile haikuwa mbovu. Mjomba mbele kabisa. Dresa akatwaa tone lake, akalichanganya na la Mishi juu ya kigae cha kioo. Likakatika vipande kama maziwa yaliyolala. Haifai. Wakajaribu mwengine wa fuko, haifai. Baba alikuwa amesimama pembeni kwa adabu. Tone lake likaingia ndani ya la Mishi likatulia, kama maji ndani ya maji.

Watu wote wanamtazama mjomba.

"Hicho kigae," mjomba akasema hatimaye, "hakijui Kidigo."

Baba ndiye aliyecheka kwanza. "Usijali, shemeji. Hata hii yangu, tangu nioe ni wali wa dadako." Na hapo, mbele ya fuko zima, jogoo wale wawili wakashikana mikono, mjomba akakaa kumpepea baba alipokuwa akitolewa damu, akimwonya dresa asimalize mtu.

Mishi alifufuka. Viganja vikarudi rangi, akakaa, akala, akanipachika jina jipya. Kila alipokataa kitu alisema si yeye, ni ile chupa ya baba. Nilidhani tumeshinda. Kisha madoa yakarudi, safari hii mengi, na daktari akazungumza muda mrefu akimtazama dresa, si sisi. Dresa akafasiri: kumwongeza damu ni kujaza mtungi uliotoboka. Iko dawa mpya, inaziba tundu kwa muda. Si milele, kwa muda. Lakini iko kwa madaktari wakubwa wa damu, hospitali ya Wazungu.

"Basi mwambie atupeleke huko," mama akasema.

Dresa hakuifasiri ile sentensi. Alimjibu mwenyewe. "Huko si kwetu, mama."

Wakati huo Pita amesharudi. Mama mdogo akatusimulia: anakimbia ufuoni, anapanda baiskeli, anamwagia mbwa maji. Kila asubuhi anapewa kidonge cha manjano ndani ya kijiko cha jamu. "Nani anampa?" mama akauliza.

"Mimi."

Mama mdogo akafungua kiganja, kitupu, akakitazama. "Si kikubwa, dada. Kama punje ya mtama."

"Riziki," mama akasema. "Kimoja tu."

"Hufungiwa kabatini. Memsabu mamake hunitolea chake cha siku, na ufunguo huuvaa shingoni kama hirizi." Akafunga kiganja. "Na nikimnyima Pita chake, naye pia si atakufa? Nimembeba tangu kitovu hakijakauka."

Akaamua kuomba waziwazi. Na memsabu alilia. Nalisema hili ili msidhani nasimulia habari za mashetani. Shetani ungemjua kwa kwato. Mama yule alilia machozi ya kweli, akamshika mama mdogo bega, akasema dawa ile ni kali, bila kupimwa damu kila mara huua, na anayepima ni daktari wa hospitali yao Mombasa, kwa hiyo ampeleke mtoto huko. Akatoa bati la biskuti ampelekee Mishi. Kisha akalifunga kabati.

Biskuti nilizila mimi. Mishi fizi zilimuuma.

Tukavuka Likoni. Baba kwa koti la kuazima, mjomba kwa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi hadi inasimama peke yake, mama, mimi, na Mishi akibebwa kwa zamu na wale wawili, kila mmoja akimlaumu mwenziwe kwamba amemshika vibaya. Hospitali ya Wazungu ilikuwa na bustani. Nilidhani tumekosea tumeingia kwa gavana. Langoni askari, mtu wa pwani kama sisi.

"Shikamoo, mzee," akamwamkia mjomba.

"Marahaba, mwanangu. Tumeleta mgonjwa."

"Mmeipita, mzee. Ya Waafrika iko nyuma huko."

"Huko ndiko tulikoambiwa dawa iko huku."

"Huenda iko. Ila hapa ni pa Wazungu."

"Hatutaki kulala," mjomba akasema. "Hatutaki hata kuketi. Apimwe hapa hapa langoni, ameze, twende zetu. Hata maji tumekuja nayo." Na kweli mama alitoa chupa ya maji kapuni akaiinua ionekane.

Askari akatazama viatu vyake. "Wallahi, mzee, mie mwenyewe mke wangu aliugua nikampeleka kule kule nyuma. Na lango hili nalilinda mimi."

Akatoka muuguzi wa Kizungu, kofia yake kama kijahazi cha karatasi. Hakuwa mkali. Akamgusa Mishi paji la uso, akasikitika, akasema na askari, askari akatueleza: amesema pole sana, lakini hapana nafasi.

Nami kutoka pale nilipokuwa, kwa kuwa nilikuwa mfupi na uzio wa maua ulikuwa na tundu, nilikuwa naona ndani ya dirisha. Naona vitanda. Safu nzima, vimetandikwa shuka zilizonyoka, mito imesimama, na hakuna mtu juu yake. Hakuna hata mmoja. Nilifikiri ni wagonjwa wamechelewa kufika. Nikamchagulia Mishi cha mwisho, karibu na dirisha, apate kuwatukana wapitao.

"Kile pale ndicho chako," nikamnong'oneza.

Akainua kichwa begani kwa baba, akatazama. "Kina mto," akasema.

Mkitaka kujua hasira yangu inakaa wapi, inakaa kwenye ule mto.

Hakuna aliyepiga kelele. Mjomba aliyeweza kumpigia kelele kadhi alimwambia askari ahsante. Njiani kurudi, kwenye kivuko, akasema, "Shemeji, miezi yote ile tuligombana, aende hospitali, asiende, wa kusema ni nani. Ilikuwaje tukadhani sisi ndio tunaomzuia?" Baba alimfunika Mishi koti la watu.

Watu wazima wakabaki na dua. Mimi nilikuwa bado na dawa yangu ambayo hakuna aliyeijaribu. Nikachukua kamba ya makumbi, nikafunga bembea kwenye tawi la mkwaju nyuma ya nyumba, nikaweka mto wa bibi, nikamwita Mishi.

"Nini hiki?"

"Ndege."

Akaelewa palepale, hakuna jambo nililowahi kumweleza mara mbili. Akaketi, nikamfunga leso kiunoni asianguke, nikaanza kumsukuma polepole, kisha juu zaidi, nikilia kama injini.

"Rubani," akaniita, "tumefika wapi?"

"Voi! Chini naona tembo!"

"Juu zaidi, Kuku wa Mgeni. Hapa bado kuna joto."

Bibi akatoka akipiga yowe kwamba namuua mtoto. Mishi akamjibu huku nywele zinapepea, "Niache, bibi, nasafiri!" Akafumba macho. Nikamsukuma mpaka mikono ikanifa ganzi. Alikuwa akicheka, na meno yake yalikuwa mekundu.

"Huku juu kuna lango?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi twende."

Alikufa siku chache baadaye, asubuhi, watoto wa chuo wakisoma na sauti zao zikifika hadi kitandani. Mwalimu aliyevunja fimbo alikuja akaketi kando ya maiti, akasoma zile sura ambazo Mishi alikuwa hajazifikia, moja baada ya moja, asiruke hata aya, ili akahitimu. Kitambaa cha maua kiko kashani hadi leo. Hakuna anayekipunga upepo.

Sisemi angepona. Pita mwenyewe hakupona. Lakini Pita alipata mwaka mzima na zaidi. Alijifunza kuogelea. Aling'oka meno ya utoto yakaota mengine. Mishi alihitaji muda wa kumaliza sura chache, kuvaa nguo, kula halua, kuringa siku moja. Muda huo ulikuwepo. Ulikuwa ndani ya kabati, mwendo wa miguu kutoka kwetu, na mama mdogo wangu aliutia katika kijiko kila siku kwa mkono ule ule uliomkogesha Mishi maji ya mwisho.

Baada ya arubaini mama alinichukua tukamwone mama mdogo kazini. Tukakaa mlango wa jikoni. Pita akaja na baiskeli yake, mashavu mekundu, akatuamkia shikamoo vizuri kuliko mimi. Kiswahili chake chote kilikuwa cha mama mdogo. Akauliza mbona Mishi hakuja. Alimjua, waliwahi kuokota makombe pamoja ufuoni.

"Mishi amekufa, mwanangu," mama mdogo akasema.

Pita akashusha mguu mmoja chini. Akafikiri. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni, na kidogo alikuwa amemkasirikia Mishi.

"Kwani alikataa kumeza vidonge vyake?"

Vyake. Alidhani kila mtoto ana vyake.

Mama akatazama chini. Mama mdogo akamfuta Pita pua, ambayo haikuwa na kitu. Nami, mwenye mdomo usiokosa neno, sikuwa na neno. Nilirudi Kinondo sina, nikakua sina, nikaingia shule hii sina, mpaka leo mchana Mwalimu alipogonga chaki.

Kengele inakaribia. Naona wanachungulia dirishani kama nitakuja. Nitakwenda. Mwalimu ana wanawe, nao wakiugua watapelekwa kule kule nyuma, kwa hiyo nitamwomba radhi kwa kumtia hofu. Nitasema nilikosa kuongea bila kunyosha mkono. Lakini ataniambia niseme kwamba nilikuwa nafanya mzaha, nami hilo sitalisema. Anichape tu.